FOTO MOJA HAITOSHI: GINSI YA KUTAFUTA JINA LA ORKIDE YA PORI



Wakati wa mvua pori letu la Katanga linajaa maua, na kati ya maua yale kuko orkide. Zingine zinasimama chini, ndani ya majani ya uwanda. Zingine zinakaa juu, kwenye matawi ya miti. Siku hizi wengi wanazipiga foto na telefone ya muzazi ao ya kaka, halafu wanaleta foto kwa kalasi na kuuliza: «Hii iko orkide gani?»

Swali ni zuri, lakini jibu ni gumu kuliko vile watu wanafikiri. Mara nyingi mutu mwenye kujua maua sana anaangalia foto, anatikisa kichwa, na kusema: «Ni orkide, lakini aina yake siwezi kuisema.» Mwenye kuuliza anakasirika. Anafikiri yule mutu hajui kazi yake. Kumbe anajua sana, na ni kwa sababu anajua ndiyo anakataa kusema.

Katika somo hili tunataka kufahamu kwa nini iko vile. Tutaona kitu gani foto inaonyesha, na kitu gani inaficha. Kisha tutajifunza kupiga foto zenye kusaidia kweli. Na mwisho tutasema kwa nini jina la ua moja dogo la pori linatuhusu sisi watu wa Katanga, hata ndani ya chakula chetu.

1. Jina liko na sehemu mbili

Tangu mwaka 1753, Carl Linnaeus wa Uswidi alipochapa kitabu chake kikubwa cha mimea, kila mumea unapewa majina mawili ya Kilatini. Jina la kwanza ni sawa jina la ukoo. Jina la pili ni la aina yenyewe. Mufano: Ansellia africana. Ansellia ni ukoo, africana ni aina.

Juu ya koo kuko jamaa. Orkide zote ni jamaa moja, na ni jamaa kubwa sana: wataalamu wanahesabu aina karibu 28.000 katika dunia yote. Ndani ya jamaa ile kuko koo kubwa na koo ndogo. Ukoo wa Habenaria uko na aina zaidi ya 800. Disa iko na karibu 180, na Satyrium karibu 90, nyingi zaidi katika Afrika.

Basi tufikiri kidogo. Mutu akituonyesha foto na tukasema «ni orkide», tumechagua jamaa. Tukisema «ni Habenaria», tumechagua ukoo. Lakini kwa kusema aina tunapaswa kutenga moja kati ya mamia ya ndugu wanaofanana. Ni sawa kutambua mutoto mmoja ndani ya jamaa kubwa kwa kuona kisogo chake tu.

2. Sehemu za ua la orkide

Mbele ya kuendelea, muchore ua hili ndani ya kaye zenu.

Ua la orkide liko na vipande 6 vya rangi. Vitatu ni vya inje, tunaviita sepali. Vitatu ni vya ndani, tunaviita petali. Petali moja haifanane na zingine: ni kubwa zaidi, ao imepasuka, ao iko na madoa na nywele. Ile tunaiita mudomo. Mududu anatua pale mara nyingi.

Katikati ya ua kuko nguzo fupi. Katika maua mengine sehemu za kiume na za kike zinaachana. Katika orkide zimeungana ndani ya nguzo ile moja. Poleni yake si unga wenye kupeperuka na upepo kama ule wa mahindi. Imefungwa katika vifungu vidogo, na mududu anaondoka na kifungu kizima kimenata kwake.

Tena orkide nyingi ziko na mukia: kijifuko chembamba, chenye shimo mbele, kinachoshuka nyuma ya ua. Ndani yake mara nyingi kuko maji ya utamu. Mushike neno hili la mukia, sababu tutarudia sana.

3. Foto ya mbele na foto ya ubavu

Tuchukue koo tatu zinazoota chini katika uwanda: Satyrium, Disa na Habenaria.

Mutu anaona shina limesimama ndani ya majani, maua madogo mengi yamebanana juu yake. Anasimama, anapiga foto toka mbele, anaenda. Katika foto ile tunaona maua yenye kofia. Ni Satyrium ao ni Disa? Zote mbili ziko na kofia. Katika kalasi mabishano yanaanza: mmoja anasema hivi, mwingine vile, na kila mutu anapandisha sauti. Lakini sauti haiongeze kitu ndani ya foto.

Sasa tuzunguke ua, tuliangalie kwa ubavu. Katika Satyrium, kofia ni ule mudomo wenyewe. Orkide nyingi zinajipinda mbele ya kufunguka kusudi mudomo ukae chini. Satyrium haijipinde, kwa hiyo mudomo unabaki juu na kufanya kofia. Na nyuma ya kofia ile, karibu siku zote, inashuka mikia miwili. Katika Disa, kofia si mudomo. Ni sepali ya juu, na mukia unatoka kwake, nao ni mmoja tu. Mudomo wa Disa uko chini, na mara nyingi ni mwembamba na mudogo. Katika Habenaria, mukia ni mmoja pia, lakini unatoka chini, kwenye shina la mudomo, na mudomo wenyewe mara nyingi umepasuka vipande vitatu sawa vidole.

Muko mnaona? Kazi ni kuhesabu mikia na kuangalia inatokea wapi. Mutoto wa shule ya musingi anaweza kuifanya. Lakini kwa foto ya mbele, iliyopigwa mbali, mikia haionekane. Mutaalamu mwenyewe akiangalia siku nzima hataiona, sababu haiko pale.

4. Mukia wa Madagaska

Historia moja inaonyesha ginsi sehemu ya nyuma iko na maana. Katika Madagaska kunaota orkide moja ya muti, Angraecum sesquipedale. Ua lake ni jeupe, sawa nyota. Jina lake la pili maana yake ni «ya futi moja na nusu», juu ya mukia wake mrefu: unafika karibu sentimetre 30.

Mwaka 1862 Charles Darwin wa Uingereza aliletewa maua yale. Alipima mukia, akaona maji ya utamu yanakaa chini kabisa, akasema: katika Madagaska kunapaswa kuwa na kipepeo wa usiku mwenye ulimi mrefu wa kufika pale. Watu wengine walimucheka. Darwin alikufa mwaka 1882. Mwaka 1903 Walter Rothschild na Karl Jordan waliandika habari ya kipepeo wa Madagaska mwenye ulimi ule, wakamupa jina praedicta, ni kusema «aliyetabiriwa».

Sasa mufikiri kama Darwin angepewa foto moja ya mbele tu. Angeona nyota nyeupe. Na nyota nyeupe katika miti ya Afrika ni nyingi: kuko koo ya Angraecum, kuko Aerangis, na zingine tena. Urefu wa mukia ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo kitabu cha mimea kinauliza kwa kuzitenga. Foto isiyo na ubavu haiwezi kujibu.

5. Rangi inadanganya

Watu wengi wanaanza na rangi. «Niliona orkide ya manjano yenye madoa meusi.» Rangi inasaidia, lakini haistahili kuwa shahidi wa kwanza.

Mufano ni Ansellia africana. Ni orkide kubwa ya miti, tunayo hapa Kongo na katika inchi nyingi za Afrika. Mizizi yake mingi myeupe inasimama juu sawa miiba na kukamata majani yanayoanguka. John Lindley aliipa jina mwaka 1844, juu ya John Ansell, mutunza bustani aliyeipata katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko. Maua yake ni ya manjano na madoa ya kahawia. Lakini mumea mmoja uko na madoa mengi hata ua linakuwa karibu jeusi, mwingine uko na madoa kidogo, mwingine haina karibu doa lolote. Zamani wataalamu walifikiri ni aina mbalimbali, wakazipa majina mbalimbali. Leo wanazihesabu zote kuwa aina moja. Kama tungefuata rangi ya foto, tungefanya ndugu wa tumbo moja kuwa wageni.

Tena telefone yenyewe inageuza rangi. Ua la zambarau likipigwa foto katika jua kali linatoka la pinki. Likipigwa kivulini linatoka la bluu. Ua la jana na ua la leo kwenye shina moja haliko na rangi moja, sababu ua likizeeka linafifia ao linakuwa la kahawia.

6. Vitu vingine ambavyo foto haionyeshe

Ukubwa. Katika foto, ua la milimetre 5 na ua la sentimetre 5 yanaweza kujaza kioo namna moja. Katika vitabu, tofauti ya milimetre chache inaweza kutenga aina mbili. Foto bila kipimo ni sawa karte bila eskeli.

Majani. Katika Satyrium, aina zingine ziko na majani kwenye shina la maua lenyewe. Zingine majani yao yako kwenye shina lingine fupi, kando, lisilo na ua. Habenaria zingine ziko na majani mawili mapana yaliyolala juu ya udongo. Vitabu vinauliza jambo hili mapema sana. Lakini mwenye kupiga foto anapenda ua, anakata chini yote, na majani yanabaki inje ya foto.

Fasi. Orkide iliota juu ya muti ao chini? Katika maji ya bwawa, kwenye jiwe, kwenye kichuguu, katika pori la miombo ao katika uwanda wazi wa juu? Mwezi gani? Mbele ya moto wa pori ao nyuma yake? Foto ya ua peke yake haisemi.

Harufu. Ulaya na Afrika ya Kaskazini kuko ukoo unaoitwa Ophrys. Mudomo wa ua lake unafanana na nyuki jike, na harufu yake pia inafanana. Nyuki dume anadanganyika, anakuja, anaondoka na poleni. Wataalamu wengine wanatenga aina za Ophrys kwa kufuata nyuki gani anaitwa na harufu gani. Ndiyo sababu hawapatane hata kidogo: wamoja wanahesabu aina chini ya 20, wengine zaidi ya 200! Na wale ni watu wenye vitabu vingi, wanaoishi karibu na maua yale, na ambao wameyaangalia miaka na miaka. Hakuna telefone inayopiga foto ya harufu.

Vitu vya ndani. Mara zingine aina mbili zinatengana kwa umbo la nguzo, ao kwa hesabu ya vifungu vya poleni. Kwa kuviona inapaswa kioo cha kukuza na mukono usiotetemeka.

7. Telefone inayotaja jina

Kuko programu za telefone ambazo unazionyesha foto na zenyewe zinataja jina. Ni kazi ya ajabu na hatuzikatae. Lakini tufahamu zinafanya namna gani. Programu imejifunza kwa kuona foto ambazo watu waliishapiga na kuzipa majina. Kwa maua ya Ulaya imeona foto nyingi sana. Kwa orkide za Katanga imeona chache, na aina zingine haikuona hata moja.

Mwanafunzi asiyejua jibu katika mutihani anaweza kuacha fasi wazi. Programu mara nyingi haiache fasi wazi. Inatoa jina la kile kinachofanana zaidi katika vile inavyovijua, hata kama ua lile haliote Kongo. Kwa hiyo jina la programu ni mwanzo wa kutafuta. Mulichukue, kisha mulipime: Je, aina hii inaota katika inchi yetu? Mukia wake ni wa urefu gani? Majani yake yako wapi? Kama hamuwezi kujibu, bado hamjapata jina.

8. Wataalamu wanafanya nini?

Wataalamu hawategemee foto peke yake. Wanakausha mumea katikati ya makaratasi, wanaubandika juu ya karatasi nene, wanaandika fasi, siku, na jina la mwenye kuukata. Nyumba ya kuchunga makaratasi yale inaitwa herbario. Iko moja Yangambi, iko moja katika Universite ya Lubumbashi, na ile kubwa sana ya mimea ya Kongo iko Meise, karibu na Bruxelles, Ubelgiji. Jina la kila aina limefungwa kwa mumea mmoja uliokaushwa, ambao mwenye kutoa jina aliuchagua. Kukiwa mabishano, watu wanarudi kwa ule. Orkide za Kongo, Rwanda na Burundi ziliandikwa na Daniel Geerinck katika vitabu viwili vya Flore d'Afrique centrale, mwaka 1984 na mwaka 1992.

Lakini mumea uliokauka uko na kasoro yake: rangi inapotea, ua linakuwa bapa, kofia na mudomo vinagandamana. Ndiyo sababu wengine wanachunga maua machache ndani ya alkoli. Na hapa foto nzuri inasaidia sana, sababu inaonyesha rangi na umbo la ua likiwa hai. Foto na mumea mukavu ni mashahidi wawili wanaosaidiana.

9. Kwa nini tunajisumbua? Habari ya kikanda

Sasa mutu anaweza kusema: «Jina la Kilatini litanipa nini? Ua ni ua.» Tumujibu kwa chakula.

Sisi wote tunajua kikanda. Katika Zambia wanaiita chikanda. Mama anatwanga viazi vikavu, anachanganya na unga wa karanga, pilipili na chumvi, anatia magadi, anapika hata inakuwa ngumu, halafu anakata vipande na kuuza sokoni. Wengi wanaikula bila kujua kwamba viazi vile ni vya orkide: za Disa, za Satyrium, za Habenaria, na za koo zingine.

Tuangalie chini ya udongo. Orkide hizi mara nyingi ziko na viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimelegea, sababu kinalisha shina la mwaka huu. Kingine ni kipya na kigumu: ni cha mwaka ujao. Mwenye kuchimba anatafuta kile kigumu. Akikichukua, mwaka ujao shina halitoke tena. Na mbegu? Mbegu za orkide ni nyingi na ndogo sawa vumbi, lakini hazina chakula ndani yao. Haziote bila kukutana na uyoga mudogo sana wa udongo wenye kuzilisha, na kiisha kuota mumea unangoja miaka mbele ya kutoa ua. Shamba la mihogo linarudishwa katika mwaka ao miaka miwili. Uwanda wa orkide hauko vile.

Katika Zambia viazi vimepunguka sana fasi nyingi, na wachuuzi wakaanza kuvitafuta katika inchi jirani. Katika Tanzania vilichimbwa sana kwenye milima ya kusini. Kule uwanda wa Kitulo ulifanywa parke ya taifa mwaka 2005, na sababu moja ilikuwa kuchunga maua yake. Sisi pia tuko na nyanda za juu zenye maua: parke ya Upemba, iliyoanza mwaka 1939, na ya Kundelungu, iliyoanza mwaka 1970. Orkide zote za pori ziko katika mapatano ya CITES, yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Kuzivusha mupaka kwa biashara inahitaji ruhusa ya Serikali. Inchi yetu iliingia katika mapatano yale mwaka 1976.

Lakini angalieni shida. Sokoni jina ni moja tu: kikanda. Ndani ya jina lile moja kuko aina nyingi. Mwaka 2017 wataalamu walichapa habari ya kazi yao: walichukua chikanda iliyopikwa, wakasoma DNA iliyomo, wakakuta aina mbalimbali za orkide zimechanganyika. Zingine labda bado ni nyingi porini. Zingine zinaota fasi chache tu. Nani atajua ni ipi inayokwisha, kama zote tunaziita jina moja? Na kama tunaandika jina la aina ya kawaida juu ya foto ya ile aina ya shida, watu watasema: «Ile bado iko mingi, muchimbe tu.» Aina itakwisha, na kwenye karatasi itabaki kuwa mingi. Jina baya ni baya kuliko kukosa jina. Asiye na jina anaendelea kutafuta. Mwenye jina baya amekwisha kulala.

Hatusemi mambo haya kwa kuhukumu mama zetu wanaouza kikanda. Wanalisha watoto, na franka ile inalipa masomo ya wengi wetu. Tunasema tu kwamba mutu hawezi kuchunga kitu ambacho hawezi kukitaja.

10. Ginsi ya kupiga foto zenye kusaidia

Musipige foto moja. Mupige sita, kwa mumea mmoja:

1) Mumea wote na fasi yake, toka udongo mpaka juu. Kama uko juu ya muti, muonyeshe muti.
2) Majani, na fasi yanatokea. Mutafute na kando, pengine kuko shina lisilo na ua.
3) Ua moja toka mbele, karibu.
4) Ua lile lile toka ubavu, kusudi mukia uonekane wote.
5) Ua lile lile toka nyuma ao toka chini.
6) Mudomo peke yake, karibu sana, kivulini, bila kutetemeka.

Katika foto ya 4 muweke late kando ya ua. Kama hamuna late, muweke kijiti cha kiberiti, na nyuma mukipime nyumbani.

Kisha muandike ndani ya kaye, pale pale, bila kungoja jioni: siku na mwezi, fasi na urefu wa mulima kama munaujua, udongo, harufu, na saa gani muliisikia, rangi vile macho yenu yanaiona, wadudu waliokuja.

Na jambo kubwa: musichimbe. Kuchimba mumea kusudi muonyeshe mwalimu ni kufanya kazi ile ile tunayoililia. Tena kama muliona fasi yenye orkide nyingi, musitangaze njia yake kwa kila mutu. Muiandike ndani ya kaye, mwalimu aijue, inatosha.

11. Ginsi ya kuandika jina kwa haki

Wataalamu wako na desturi nzuri, na sisi tunaweza kuifuata. Wakijua ukoo bila kujua aina, wanaandika jina la ukoo na «sp.» nyuma yake, mufano Satyrium sp. Maana yake: Satyrium moja, aina yake haijajulikana. Wakifikiri ni aina fulani lakini hawajahakikisha, wanatia «cf.» katikati. Ni neno la Kilatini kwa kusema «linganisha na». Hakuna haya katika alama zile mbili. Zinaonyesha kwamba mwandishi alifika mpaka pale ushahidi wake ulifika, akasimama. Yule anayekuja nyuma anajua pa kuanzia.

Kwa hiyo tukiulizwa «Hii iko orkide gani?», tujiulize mbele: foto hii inaonyesha nini? Tuseme kile, tusiongeze.

Mazoezi

a) Foto ya ubavu inaonyesha maua yenye kofia, na nyuma ya kila ua inashuka mikia miwili. Majani hayaonekane. Utaandika nini?
b) Foto ya mbele, ya mbali: maua mekundu yenye kofia. Utaandika nini?
c) Foto mbili za orkide kubwa za miti: moja iko na madoa mengi, ingine haina. Rafiki anasema ni aina mbili. Utamujibu nini?
d) Foto ya majani mawili yaliyolala chini, bila ua. Utaandika nini?

Majibu

a) Satyrium sp. Kwa aina, inapaswa kuona majani na kupima mikia. b) Orkide tu. Inaweza kuwa Satyrium, inaweza kuwa Disa; urudi upige ubavu. c) Rangi peke yake haitenge aina, Ansellia africana iko na madoa mengi ao kidogo. Mulinganishe mudomo, mizizi na majani. d) Hakuna jina bado. Pengine ni Habenaria, lakini si yeye peke yake mwenye majani ya namna ile. Weka alama, ngoja ua, rudi na telefone na late.